Fimbo ya Mbali

Aliingia uani bila hodi. Ilikuwa Juni, msimu wa ufuta, na mimi nilikuwa nimefikia kwa bibi yangu, katika kijiji kimoja cha vilima vya Matumbi, si mbali na Kipatimu. Nilikuwa nimekuja kuhoji wakulima kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na usiku ule nilikaa barazani na tochi ya simu, nikipanga majibu ya mchana. Yule dada, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alikuwa amejizungushia khanga shingoni kama mtu anayesikia baridi. Alipotaka kumwamkia bibi, sauti haikutoka. Ilikwaruza tu, kama ya mtu aliyekesha kwenye ngoma. Bibi akampa maji ya uvuguvugu. Aliyameza kidogo kidogo, kwa taabu, mkono ukiwa kooni.

Mumewe alikuwa amemkaba.

Bibi alipoingia ndani kumtandikia mkeka, dada yule alinisogelea. "Mdogo wangu, wewe umesoma," aliniambia kwa sauti ile ile. "Niambie, niende wapi kwanza?"

Nilimjibu bila kusita: nenda polisi, kuna Dawati la Jinsia. Nikachana karatasi kwenye daftari langu la utafiti, nikamwandikia namba ya simu. Kisha nikaenda kulala nikijiona nimetenda jambo.

Nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili asitambulike, na kijiji sikitaji. Jibu nililompa ndilo sijalibadilisha. Lilikuwa jibu baya, na nataka kueleza kwa nini, maana ndilo jibu ambalo sisi wasomi wa umri wangu tunalitoa kila siku, mtandaoni na nyumbani, tukiamini tumesaidia.

Asubuhi wazee walikaa. Si watu wabaya wale. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kupanda mchungwa nilipokuwa mdogo. Walimwita mume, wakamkemea kwelikweli, wakamtoza faini, wakamtaka aombe radhi mbele ya mashemeji zake. Walipomtazama mke hawakuona damu wala uvimbe. "Tumshukuru Mungu, hakuna aliyeumia," alisema mmoja wao. Saa sita mchana yule dada alikuwa jikoni kwake, anasonga ugali wa kuwalisha waliokuja kuwapatanisha.

Wiki mbili baadaye alijaribu njia yangu. Alipanda bodaboda hadi kituo kimoja cha polisi. Mhusika wa dawati alikuwa safarini. Askari wa zamu alimsikiliza kaunta, mbele ya vijana waliokuja kuulizia pikipiki iliyoibwa, akamwandikia PF3. Alikopeleka fomu ile, mganga akamuuliza jeraha liko wapi. Halikuwapo, wiki mbili zilikuwa zimepita. Akarudi na fomu yenye mistari miwili, akaambiwa aje Jumatatu. Jumatatu akaelekezwa aende ustawi wa jamii, wilayani. Nilipokaa naye baadaye tukahesabu, alikuwa ameieleza habari ya usiku ule kwa watu saba. Kila mmoja alimtaka aianze mwanzo, na kati ya saba hao hakuna aliyemweleza mwenzake. Nauli ikaisha. Akarudi nyumbani kwa mume ambaye sasa alijua mkewe alikuwa wapi siku zile mbili.

Miezi mingi ikapita. Siku moja, maktabani, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008. Watafiti waliwalinganisha wanawake waliouawa au kunusurika kuuawa na wenzi wao na wanawake wengine walionyanyaswa bila kufikia huko. Waligundua kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa kuja kuuawa naye mkubwa zaidi ya mara saba kuliko yule aliyepigwa bila kukabwa. Nikaendelea kusoma. Kukabwa mara nyingi hakuachi alama ya nje. Dalili zake ni sauti kukwaruza, kumeza kwa taabu, kizunguzungu, kupoteza kumbukumbu ya dakika zile. Mtu anaweza kuonekana mzima na akafa saa au siku kadhaa baadaye kwa uvimbe wa koo au mshipa wa damu ulioharibika.

Nilifunga kompyuta nikatoka nje. Sauti ile barazani kwa bibi ilikuwa kengele. Tulikuwapo bibi, mwenye miaka zaidi ya 70 na uzoefu wa mambo ya ndoa wa kijiji kizima, na mimi mwenye digrii na nusu. Hatukuisikia. Wazee hawakuisikia, askari hakuisikia, na mganga alitafuta jeraha la ngozi. Kila mmoja wetu alikuwa na moyo mwema. Ujuzi ndio haukuwapo.

Hoja yangu, basi, ni hii. Mwanamke anayepigwa na mumewe Kipatimu, au Liwale, au Nanjilinji, hana upungufu wa watu wa kumhurumia, wala wa kaulimbiu. Anachokosa ni mtu mmoja aliyefunzwa, anayelipwa, aliye karibu, ambaye kazi yake yote ni kusimama upande wake tangu usiku wa kwanza hadi mwisho wa safari, popote mwisho huo utakapokuwa. Nitamwita mtetezi, kwa kukosa jina bora. Na ninasema kwamba kutokuwa naye si pengo dogo katika mfumo mzuri. Bila yeye, mfumo wote uliobaki haufanyi kazi.

Tazama wale watu saba. Askari anatafuta kesi. Mganga anatafuta jeraha. Baraza linatafuta suluhu, na mtendaji wa kijiji anatafuta amani ya kijiji. Ni kazi halali, kila moja. Lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake ni yule mwanamke. Kila mmoja anamhudumia kipande, halafu anamwachia yeye, aliyekabwa, asiye na nauli, kazi ya kuviunganisha vipande.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kutoka Kipatimu ni mwendo wa kushuka vilima hadi Njia Nne kwenye barabara kuu, kisha kusini hadi Nangurukuru, kisha kukata kushoto kwenda Kilwa Masoko yaliko makao makuu ya wilaya. Ni kama kilomita 100 kwenda tu. Masika ikikolea, barabara hizi zina uamuzi wake: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, hata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, malori na mabasi yakalala njiani. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anapoambiwa "nenda wilayani," anaambiwa atafute nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na uongo wa kumwambia mume. Na nyoka yuko chumbani.

Wenzangu wanaosoma sheria huniambia tatizo ni sheria. Wana haki kwa kiasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Kifungu hicho kina zaidi ya nusu karne, na hakitaji adhabu kwa anayekivunja. Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya 1998, haimtambui mume kuwa amembaka mkewe isipokuwa pale wanapokuwa wametengana. Tanzania Bara bado haina sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani, wakati Uganda wanayo tangu 2010 na Kenya tangu 2015. Haya yote yanapaswa kurekebishwa, na aliyechelewa kuyarekebisha aone haya.

Lakini msiniambie sheria itatosha. Rebecca Cheptegei alikuwa mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni katika Olimpiki ya Paris, Agosti 2024. Alikuwa na jina, na alikuwa na nyumba aliyoijenga Endebess, Kenya, karibu na mahali pa mazoezi. Aliishi katika nchi yenye sheria ya kumlinda dhidi ya ukatili wa majumbani. Familia yake ilisema mgogoro wake na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake ulikuwa umefikishwa polisi. Septemba 1, 2024, mwanamume huyo alimmwagia petroli na kumchoma moto. Septemba 5 akafariki hospitalini Eldoret. Sheria ilikuwapo, na taarifa zilikuwa zimetolewa. Kama mwanariadha wa Olimpiki mwenye familia iliyosimama nyuma yake hakuweza kuifikisha taarifa yake hadi kwenye ulinzi, mkulima wa ufuta ataifikishaje peke yake?

Hata sheria tulizonazo zina milango ambayo mtu hawezi kuiona mpaka aoneshwe. Anayeomba talaka hutakiwa kwanza kupita katika baraza la usuluhishi wa ndoa na kupata hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Maana yake mwanamke huketi benchi moja na aliyemkaba, wajadiliane namna ya kurudiana. Sheria hiyohiyo inaruhusu mahakama kumwondolea sharti hilo penye mazingira yasiyo ya kawaida. Je, nani wa kumwambia? Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Katika vijiji nilivyofanyia mahojiano, wanawake wengi waliniambia wakiachika wataondoka na vyombo na nguo zao tu, kwa sababu "shamba ni la kwao mume." Miaka zaidi ya 40 imepita na hukumu ile bado haijapanda vilima vya Matumbi. Hukumu haina miguu, mpaka abebe mtu.

Sasa mtetezi huyu hufanya nini hasa? Nimesoma kazi zao kutoka nchi mbalimbali, na kwanza nilishangaa jinsi zilivyo za kawaida. Anauliza maswali ambayo hakuna mwingine anayeyauliza: Amewahi kukukaba? Amewahi kutishia kukuua? Kuna panga au silaha nyumbani? Vipigo vinazidi? Una mimba? Unafikiria kuondoka, na yeye anajua? Swali hilo la mwisho ni zito, kwa sababu kipindi cha kuondoka ndicho mara nyingi cha hatari kuliko vyote. Anayemwambia mwanamke "si umuache tu" bila mpango anaweza kuwa anampeleka kaburini. Kisha wanapanga pamoja: kadi ya kliniki, vyeti vya watoto na kitambulisho vihifadhiwe kwa nani, jirani yupi ataelewa ishara, akiba kidogo iwekwe wapi. Kama kuna kubakwa, anahakikisha mwanamke anafika kwenye dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kabla saa 72 hazijaisha. Anakwenda naye kwa mganga na kumwomba aandike hali ya sauti na kumeza, asiishie kwenye ngozi. Anakaa naye kaunta, anamshika mkono mahakamani. Na siri anaitunza.

La muhimu zaidi, hamwamulii. Yule dada anaweza kuchagua kubaki. Ana watoto wanne, na msimu wa ufuta hela zote huingia kwenye akaunti ya mume, kwa sababu ndiye aliyeandikishwa chama cha msingi, ingawa niliowahoji waliniambia palizi na kupepeta ni kazi ya wanawake. Mtetezi anaujua mkufu huo kiungo kwa kiungo. Hamkasirikii mwanamke kwa kurudi. Anamwambia: nipo, hata ukirudi mara ya saba.

Najua mtu atasema mambo haya ni ya Wazungu. Nakataa. Katika ukanda wetu hakuna msichana anayeachwa aingie utu uzima peke yake. Katika unyago ana somo wake. Anafundishwa, anashikwa mkono, anatunziwa siri, na somo huyo anaweza kumuuliza mambo ambayo mama mzazi hawezi kuyauliza. Siku ya harusi, kungwi yupo. Kwenye uzazi kuna mkunga, na nchi hii iliamua zamani kwamba huruma haitoshi kuzalisha, lazima mkunga asome, alipwe, awe na zana. Akifiwa, wanawake wa kijiji wanajua nani wa kulala naye siku zipi. Katika kila mlango mgumu wa maisha ya mwanamke, wazee wetu waliweka mtu wa kuupita naye. Mlango mmoja tu waliuacha wazi, na juu yake wakaandika "vumilia." Ninachodai si kigeni. Ni somo wa mlango ule.

Wengine watasema kazi hiyo inafanyika tayari. Jeshi la Polisi lina madawati ya jinsia na watoto zaidi ya 400 nchini. Kuna vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, ambako polisi, daktari na ustawi wa jamii hukutana chini ya paa moja. Wazo zuri kabisa. Kuna MTAKUWWA, mpango wa taifa ulioanza 2017/18 na awamu yake ya pili kuzinduliwa 2024, wenye kamati hadi kijijini. Kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Siwabezi. Wengi wao wanafanya kazi kwa nauli ya mfukoni mwao. Lakini kamati ni kikao cha watu wenye kazi nyingine: mtendaji, mwalimu, shehe, padri, mhudumu wa afya. Katika kijiji kidogo mmoja wa wajumbe ni shemeji wa mpigaji. Afisa ustawi wa jamii anabeba wazee, yatima, watu wenye ulemavu, matunzo ya watoto na walevi. Ukimwongezea huyu, amekuwa wa mwisho kwenye foleni. Kazi ya kila mtu haina mwenyewe.

Na wengine watasema tuelimishe jamii kwanza. Takwimu zinawapa nguvu: Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15, ule wa 2022 ulikuta 27. Huko Kampala, mradi wa SASA! wa shirika la Raising Voices ulipopimwa, matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha vipigo vya wenzi vimepungua kwa nusu katika mitaa ulikofika. Elimu inafanya kazi, na naiunga mkono. Ila elimu ni ya mwanamke wa kesho. Aliyekabwa leo hawezi kungoja kijiji kielimike. Ukiona nyumba inaungua, hufungui darasa la zimamoto.

Tena nani atuambie mtetezi hasaidii? Mwaka 1999, mtafiti Cris Sullivan na mwenzake Deborah Bybee walichapisha matokeo ya jaribio lao huko Michigan. Wanawake 278 waliokuwa wametoka kwenye nyumba salama waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa mtetezi kwa wiki 10, saa nne hadi sita kwa wiki. Jingine liliendelea na huduma za kawaida. Miaka miwili baadaye, katika kundi lenye watetezi karibu mwanamke mmoja kati ya wanne hakuwa amepigwa tena kabisa. Katika kundi jingine alikuwa mmoja kati ya tisa au kumi. Wiki kumi tu za kusindikizwa, na tofauti ilionekana miaka miwili mbele. Najua Michigan si Matumbi. Lakini soma hili kabla hujafunga ukurasa: watetezi wale hawakuwa mawakili wala madaktari. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, wasichana wa umri wetu, waliofunzwa vizuri na kusimamiwa kila wiki.

Linaloniuma ni hilo. Kila mwaka vyuo vyetu vya sheria, uuguzi, sosholojia na ustawi wa jamii hutawanya maelfu ya wanafunzi kwenda mafunzo kwa vitendo. Wengi hupiga fotokopi na kupika chai maofisini hadi wiki zao ziishe. Mimi mwenyewe nilitumwa vilimani na dodoso la kurasa tisa juu ya bei ya ufuta, na hakuna ukurasa uliokuwa na nafasi ya kuandika kilichotokea barazani.

Nadai nini basi? Mtetezi mmoja kwa kila kata, kwa kuanzia zile zilizo mbali na makao ya wilaya. Awe mwanamke aliyesoma hadi kidato cha nne au zaidi, anayeijua lugha ya pale, lakini atoke kata ya jirani ili asiwe shemeji wa mtu. Apewe mafunzo ya miezi, si warsha ya siku mbili yenye soda na posho. Chumba chake kiwe kwenye zahanati au kituo cha afya, kwa sababu mwanamke anayekwenda kliniki haulizwi anakwenda wapi. Apewe simu, fungu la nauli za wanawake anaowasindikiza, na mtu wa kumsimamia na kumpumzisha, maana kazi hii inakula roho. Polisi, mganga na baraza watambue kwa maandishi haki yake ya kuketi pembeni ya anayemsindikiza.

Fedha? Halmashauri hukusanya ushuru wa asilimia 3 kwenye mazao ya biashara. Ufuta unaopakiwa kwenye malori kila msimu ulipitia mikononi mwa wanawake hawa kabla ya kufika mizani. Sijaomba msaada kwa mtu. Nadai sehemu ndogo ya jasho lao iwarudie wakiwa wameanguka. Tunajenga vyumba vya madarasa kwa ushuru huo, na ni vizuri. Mwalimu wa watoto waliokesha wanasikiliza mama yao akipigwa atawaambia kile ambacho darasa pekee haliwezi kufanya.

Na wale wanaoogopa kwamba mtetezi atavunja ndoa, niwaulize: ndoa iliyobanwa shingo imeshavunjwa na nani? Katika utafiti ule wa 2015/16, wanawake 58 katika kila 100 walisema mume ana sababu ya kumpiga mke kwa angalau kosa moja, na wanaume waliosema hivyo walikuwa 40. Watu huitumia takwimu hii kusema wanawake wenyewe wameridhika. Mimi naisoma vingine. Mtu aliyebisha milango saba akakosa wa kumfungulia, hatimaye atajifunza kusema hakuwa na haja ya kuingia.

Vilima hivi vinaijua gharama ya kinga isiyokinga. Nandete, ambako Julai 1905 pamba ya Mjerumani iling'olewa na Vita vya Majimaji vikaanza, iko huku huku. Walioyaamini maji hawakuwa wajinga. Dhuluma yao ilikuwa ya kweli na ujasiri wao pia. Walichokosa ni kitu cha kuzuia risasi. Kila mwaka, Novemba 25 hadi Desemba 10, tunapovaa fulana za Siku 16, tukapiga picha na kumwambia mwanamke "vunja ukimya," huwa nawakumbuka. Tumemnyunyizia maneno, tukamsukuma mbele. Akivunja ukimya huo saa nne usiku, atamvunjia nani?

Wewe unayesoma hapa una diwani. Kijiji cha kwenu kina mkutano mkuu, na kwa kawaida yake unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Bajeti ya halmashauri huanzia kwenye vikao ambavyo sisi hatuhudhurii kwa sababu tuko mjini tunaandika makala kama haya. Nimemwandikia diwani wa kwetu, na sikukuu nitakuwapo kikaoni. Nawe fanya hivyo kwenu. Na ukiwa mhadhiri, mweke mwanafunzi wako mmoja mahali pa maana.

Mwaka huu nilirudi kumalizia mahojiano. Dada yule yupo, mzima kwa namna ya kuonekana. Alinikaribisha chai na mihogo, tukaongea bei ya ufuta na mvua. Sauti yake imebaki na mkwaruzo kidogo. Hakuniuliza tena niende wapi kwanza, na mimi sikuthubutu kulianzisha, kwa kuwa jibu ninalo sasa lakini halina faida: nenda zahanati, muulizie fulani, atakwenda nawe. Huyo fulani hajaajiriwa.